Kiwanja kimoja, mihuri mitatu: barua ya wazi kutoka Kizuka

Kwa Waheshimiwa mnaoshika ramani, mihuri na futi kamba za nchi, Gitega na Bujumbura.



Wakazi wa Kizuka na wenzao wa mwambao wa Rumonge, kuanzia Minago hadi Kigwena, wanawapongeza kwa kazi ambayo fundi yeyote wa ujenzi ingemshinda: kuhamisha nyumba bila kugusa tofali. Mwenye nyumba wa Kizuka alikuwa mtu wa mkoa wa Bururi. Mwaka 2015 akapewa mkoa mpya, Rumonge, wenye gavana wake. Mwaka 2025 mikoa 18 ikapunguzwa ikabaki mitano, tarafa 119 zikawa 42, naye akajikuta Burunga, ambako mambo makubwa sasa yanaulizwa Makamba. Muda wote huo mlango wake umetazama Ziwa Tanganyika lile lile. Kilichosafiri ni faili, na wenyeji wangependa kujua limefikia wapi.

Wanauliza kwa sababu viwanja vimepata moto. Rumonge si mji wa jana. Wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wakipiga kasia hadi hapa karne ya 19, na mwaka 1879 wamisionari wa White Fathers walikuja kujaribu kuweka kituo. Kiswahili kikabaki, kikaoana na Kirundi, kikazaa watoto wanaonunua samaki wa mukeke kwa lugha moja na kulia msibani kwa nyingine. Sasa kuna mnunuzi mwingine, wa kutoka mbali. Tangu Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha faranga mwezi Mei 2023, kutoka takriban 2,090 kwa dola hadi zaidi ya 2,800, mwenye akiba ameelewa kuwa mfuko wa saruji unalala salama kuliko noti. Anakuja na gari, anashuka na dalali, anaonyeshwa michikichi mitatu na upepo wa ziwa. Nyumbakumi anaitwa ashuhudie. Karatasi inaandikwa kwa mkono, vidole gumba vinachovywa wino, watu wanaagana kwa furaha.

Wiki mbili baadaye anatokea mwenye kiwanja. Halafu mwenye kiwanja wa pili.

Hapa ndipo sifa zenu zinapostahili kuimbwa, Waheshimiwa, kwa maana wote watatu wana haki, na wote watatu wanaweza kuonyesha kwamba serikali iliwahi kusema hivyo. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, na utawala wa Rais Micombero ukajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima. Waliopona walivuka kwenda Zaire na Tanzania, wengi wa waliokwenda Tanzania wakazeekea makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba ya mwambao yaligawiwa watu wengine, mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi. Aliyepewa hakuvunja mlango usiku. Alipewa mchana, na mwenye mamlaka. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya 1986, iliyosema kwamba aliyekaa mahali miaka 30, au 15 kwa nia njema, amekuwa mwenyewe. Hesabu hiyo ni tamu sana kwa aliyebaki. Kwa aliyekuwa akilima tumbaku ugenini, kila mwaka wa ukimbizi ulikuwa unamnyang'anya shamba kidogo kidogo, kwa mujibu wa kifungu.

Agosti 2000, mkataba wa Arusha ukamwahidi mkimbizi mali yake, au fidia kama mali haipatikani. Mwaka 2006 mkaunda Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB. Mwanzoni ilipatanisha kwa kugawa: nusu yako, nusu yake, peaneni mikono. Watu wakapeana mikono kweli, wakapanda ua katikati. Kuanzia 2011, chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, ikaona afadhali kumrudishia mkimbizi shamba zima, na waliokwisha kupatana wakaitwa upya kuambiwa kwamba mapatano yao yalikuwa na kasoro. Ua uking'olewa mara moja haushiki tena. Muda wa tume ukaisha mwaka 2022, ikaondoka ikiacha kesi, chuki na makabrasha.

Kwa haki kabisa, lazima isemwe kwamba mlijenga pia. Mutambara, karibu na mji, kuna kijiji cha amani cha waliorudi wasio na pa kwenda. Jina ni zuri. Wengi humo walizaliwa Tanzania, kwa hiyo lafudhi ya Kigoma imenoga mwambaoni kuliko zamani.

Kama watu hawatoshi kugombea kiwanja, mmemkaribisha mdai wa nne, ambaye ni Ziwa Tanganyika. Sheria ya maji ya 26 Machi 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ukingo wa ziwa. Nia ni njema, na samaki wanashukuru. Tatizo ni kwamba ukingo haukuhudhuria kikao. Ziwa hili lina mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na mvua zikizidi linapanda. Mwaka 1964 lilifika kiasi cha mita 777 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2024 likarudi karibu na hapo, likaingia nyumba za Rumonge na Gatumba bila hodi. Aliyejenga mita 200 kutoka majini, kwa utii, ameletewa mpaka hadi jikoni na sasa anaitwa mvunja sheria. Wakati huo huo, watu wa Kizuka wakienda Bujumbura huona hoteli ambazo mteja akiangusha uma unatumbukia ziwani. Wanauliza kwa adabu kama kule mita ni za aina nyingine.

Mnaposhindwa kuamua, mnawaambia wananchi wapatane kindugu. Waheshimiwa, udugu ndio ulioliwa na hizo kesi. Mdai na mdaiwa wanaswali safu moja Ijumaa, au wanaimba kwaya moja Jumapili. Mtoto wa mmoja ameoa kwa mwenzake. Akifa mtu, wote wawili wanabeba jeneza, halafu wanabishana njiani kuhusu ni ardhi ya nani inayochimbwa kaburi. Mzigo wa mihuri yenu mitatu umewekwa kwenye mkeka wa kahawa wa wazee wasio na muhuri hata mmoja.

Wenyeji hawaombi tume nyingine. Wana kumbukumbu nzuri. Wanaomba orodha ya viwanja vyote vyenye mgogoro ibandikwe ukutani mwa ofisi ya tarafa, kila mnunuzi aisome kabla ya kumlipa dalali. Wanaomba mawe ya mpaka wa ziwa yapigwe kwa kimo kilichopimwa, yakae hapo maji yakipanda au yakishuka, na yapite hata kwenye bustani za hoteli. Na pale mihuri miwili ya serikali inapogongana juu ya kiwanja kimoja, serikali iseme hadharani ni upi inaukana, kisha imlipe aliyekuwa ameuamini. Fidia iliahidiwa Arusha mwaka 2000, kwa maandishi, na karatasi hiyo nayo ina sahihi zenu.