Mgeni Kitini, Mwenyeji Jikoni

Mjerumani huucheka mkate wa Mmarekani kwa ulaini wake; Mmarekani naye humshangaa Mjerumani kwa kabichi yake chachu. Tusiwacheke. Huku Singida, Mitundu ikiwemo, wapo wala sembe wanaomtazama mla ugali wa mtama kana kwamba amekosa nauli ya kuingia mjini. Lakini mtama asili yake ni Afrika hii hii. Mahindi ndiyo yaliyotoka bara la Amerika, yakavuka bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492. Mgeni kapewa kiti, mwenyeji kafukuziwa jikoni.

Watasema mahindi huzaa zaidi. Kweli, mvua ikinyesha. Ila katika nyanda hizi kame mvua haisaini mkataba na mtu, na mtama huvumilia. Watasema sembe ni nyeupe. Weupe huo ni kazi ya mashine ya kukoboa: virutubisho vingi huondoka na pumba, pumba wakala kuku. Kumbe kuku wa Singida hawakupata sifa bure! Na tajiri wa mjini, daktari akishamkanya sembe, hukimbilia dona na mtama. Dharau haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya mlaji.