Kutoka Kumi Hadi Moja: Faundesheni Itakayoshinda Nawe Nairobi

Spring Valley huamka na baridi. Saa moja asubuhi ukungu bado umelalia upande wa Karura na watu wanatoka getini wamejifunga sweta. Ikifika saa sita, jua limeiwakia Lower Kabete Road bila huruma. Saa kumi na moja jioni uko kwenye foleni ya magari ya Westlands, vumbi na moshi vikibisha hodi dirishani. Uso ni ule ule mmoja, na mitihani yote hiyo ni ya siku moja.

Faundesheni ya maji inayodumu ilitengenezwa kwa ajili ya siku za namna hiyo, ila haifaulu peke yake. Lazima ichaguliwe kwa akili na ipakwe kwa mkono mwepesi. Haya hapa mambo kumi, tukianza na dogo na kupanda hadi kubwa kuliko yote. Mwenye haraka aruke hadi namba moja. Najua atarudi kusoma mengine.

10. Bei si cheti

Unapolipa, unalipia pia kioo cha chupa, tangazo na kodi ya duka. Viungo vinavyoifanya faundesheni ikae, yaani silikoni, resini na rangi zitokanazo na oksidi za chuma, vimo kwenye Maybelline SuperStay na vimo pia kwenye chupa za bei mara kadhaa zaidi. Tofauti hujitokeza kwenye idadi ya rangi, namna inavyosambaa na jinsi unavyojisikia ukiwa nayo. Panga hesabu yako mapema, kisha tafuta iliyo bora ndani ya hesabu hiyo. Aliyenunua kwa bei nafuu ikamkaa ameshinda. Aliyenunua ghali ikamkaa ameshinda pia. Anayesikitisha ni yule aliyeifungia ya ghali kwenye droo kwa sababu haimfai na roho inamuuma kuigawa. Igawe! Kuna binamu anaisubiri.

9. Jina kubwa, bei ndogo: uliza maswali

Maduka ya vipodozi ya Dubois Road na River Road yana wauzaji wanaozijua bidhaa zao barabara, na mwenye subira hupata mazuri huko. Lakini jina linalopendwa ndilo linaloigwa, na ndiyo maana Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008. Linganisha namba ya toleo iliyo kwenye kasha na ile ya chupa, zikitofautiana, rudisha. Tazama alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na uihakikishe kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Kagua pia ule mchoro wa kopo lililofunguliwa ulioandikwa 12M au 24M: hiyo ni miezi ya kuitumia tangu siku unapoifungua.

Na ukiuziwa Double Wear ya Estée Lauder kwa bei ya chai na mayai mawili, kunywa chai yako uondoke.

8. Ngozi ya Julai si ngozi ya Februari

Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Baridi ya Julai hukausha ngozi, na faundesheni isiyong'aa hung'ang'ania kila kigaga pembeni mwa pua. Februari, jua kali huleta mafuta kwenye paji la uso kabla ya saa nne. Chupa ni ile ile. Kinachobadilika ni maandalizi. Julai paka losheni ya kutosha, Februari paka nyepesi, na kila msimu subiri iingie ndani ya ngozi kabla ya kuendelea. Pika chai, pasi blauzi, mtafutie mtoto soksi ya pili. Dakika zitapita zenyewe.

Sanskrini nayo haina likizo, hata siku ya mawingu. Usitegemee ile namba ya SPF iliyoandikwa kwenye faundesheni, kwa kuwa hupimwa kwa tabaka nene kuliko lile mtu analopaka. Jambo la kufurahisha ni kwamba oksidi za chuma zinazoipa faundesheni rangi husaidia pia kukinga ngozi dhidi ya mwanga wa jua unaoonekana kwa macho, ambao huchochea mabaka kwenye ngozi nyeusi. Rangi inakupamba na inakulinda. Nani alisema urembo ni uvivu?

7. Ijue siri ya kukaa

Ndani ya chupa kuna rangi, resini ya silikoni, na kiowevu chepesi kama isododekani. Ukishapaka, kiowevu huruka hewani na kuacha utando mwembamba ulioishikilia rangi kwenye ngozi. Utando huo hausumbuliwi sana na jasho wala manyunyu ya Aprili. Estée Lauder walitoa Double Wear mwaka 1997, na hadi leo ndiyo ninayoipenda. Nasema kwa sauti, na watu wa Teint Idole ya Lancôme wanaruhusiwa kubisha kwa sauti vilevile.

Adui wa utando ni mafuta. Ukitanguliza Vaseline au siagi ya shea usoni, umejenga juu ya utelezi. Najua, wengi wetu tumelelewa na Vaseline na mapenzi hayaishi. Ipeleke kwenye visigino, itapokelewa kwa heshima.

6. Paka kidogo, paka upesi

Kiowevu kikiruka, nafasi ya kusawazisha imepita. Kwa hiyo usijitapakaze matone uso mzima kisha upokee simu. Gawa uso: shavu la kwanza, la pili, paji, kidevu. Tone dogo, sambaza, hamia kwingine. Anza katikati ya uso, pale panapohitaji kufunikwa zaidi, na uvute kuelekea nje ili ukingoni pasibaki mstari. Sponji iloweshwe na kukamuliwa vizuri, kisha igandamizwe kama anayepiga muhuri kwenye barua. Ukiiburuta, unaichota faundesheni uliyoipaka. Tabaka la pili liende kwenye madoa tu, baada ya la kwanza kukauka.

Malizia na masikio na shingo. Uso na shingo ni ndugu. Wasionekane hadharani kama wamekosana.

5. Poda ina mahali pake

Paji, pua na kidevu: hapo ndipo mafuta huchomoza, na hapo ndipo poda iende. Mashavu yaache yapumue, hasa kwenye baridi. Chunga poda nyeupe ya silika, ile ambayo kwenye kioo haionekani kabisa. Taa ya kamera ikiwaka usiku, nayo huwaka. Kwa harusi au ruracio, sherehe ya mahari, chagua poda yenye rangi yako, ujipige picha kwa mwanga wa kamera kabla ya kutoka nyumbani. Picha za siku hiyo zitatundikwa sebuleni kwa mama mkwe, na mama mkwe hatoi picha ukutani.

Saa nane mchana ukiona mng'aro, gandamiza karatasi ya tishu kwanza kunyonya mafuta, ndipo uongeze poda. Poda juu ya mafuta hufanya madonge, na madonge hayana rafiki.

4. Ipe siku nzima ya kazi

Dakika tano dukani hazipimi uvumilivu wa kitu. Omba sampuli kidogo kwenye kikopo, uipake siku ya kawaida kabisa: simu shavuni, kikombe mdomoni, kupiga chafya kwenye lifti, kupanda na kushuka Peponi Road. Saa kumi jioni simama mbele ya kioo ukague pembe za pua, kidevu na mstari wa taya, kwa kuwa huko ndiko inakoanza kuachia. Ikiwa imechujuka polepole na kwa usawa, ni nzuri. Ikiwa imemeguka vipande vipande, mwagane kwa amani.

Anayepanda boda boda ana mtihani wa ziada. Helmeti haivuliwi kwa ajili ya faundesheni. Faundesheni ndiyo itafutwe inayoelewana na helmeti.

3. Jioni iage kwa adabu

Kinachovunja utando mchana ndicho kitakachokusaidia usiku. Paka mafuta ya kusafishia kwenye uso mkavu, usugue taratibu kwa vidole mpaka rangi ilegee, futa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, ndipo ufuate na sabuni laini. Mafuta ya nazi yanaiyeyusha vizuri, ila mwenye chunusi atafute aina nyepesi yasije yakaziba vinyweleo. Brashi na sponji zioshwe kila wiki na zikaushwe penye hewa. Sponji mbichi iliyofungiwa mkobani huotesha vijidudu utakavyojipaka kesho.

Saa 24 zilizoandikwa kwenye kasha ni ahadi ya kiwanda. Hakuna aliyekuagiza uzimalize zote kitandani.

2. Toka nje ukajione

Sarit Centre ilifunguliwa mwaka 1983, na tangu hapo Westlands haijakosa mahali pa kutafutia vipodozi. Lakini taa za duka lolote zimewekwa ili bidhaa zipendeze. Chora mistari mitatu ya rangi tofauti kwenye mstari wa taya, ushukuru, utoke nje. Mlinzi mlangoni ameshaona wenye mistari wengi, hatashtuka. Usijaribu mgongoni mwa mkono, maana huutembezi mkono usalimie watu kwa niaba ya uso. Subiri kama dakika kumi: nyingi zikikauka huiva kidogo, na rangi ya mwisho ndiyo utakayovaa.

Ukirudi nayo Spring Valley kuikagua tena, kaa mbali na miti. Mtaa wetu una kivuli cha kupendeza, miti mirefu na nyua za kayaba, lakini mwanga ukipita kwenye majani hufika usoni na ukijani, na kila rangi itakudanganya. Simama penye uwazi, jua lisikupige moja kwa moja. Mstari unaotoweka ndio wako.

Halafu kuna herufi. Katika Estée Lauder, C ni kwa ngozi yenye wekundu, W ni kwa yenye udhahabu, N iko katikati. Ukihamia MAC, mambo yanageuka: NC ni kwa wenye udhahabu na NW kwa wenye wekundu. Kwa hiyo usimtume mume dukani na herufi peke yake. Mtume na chupa tupu.

1. Rangi yako, si ya jirani

Faundesheni inayodumu ikikosea rangi, kosa nalo linadumu. Ndiyo maana hili liko juu ya yote.

Mwaka 1975 mpiga picha Peter Beard alimwona mwanafunzi Msomali wa Chuo Kikuu cha Nairobi mtaani. Alikuwa Iman. Alipofika New York kuanza kazi ya uanamitindo, mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe. Kwenye sanduku la vipodozi hapakuwa na rangi ya ngozi yake. Akajifunza kujichanganyia, na mwaka 1994 akafungua kampuni yake ya vipodozi. Kabla yake, Eunice Johnson wa Chicago alikuwa ameona wanamitindo wake weusi wakichanganya rangi vivyo hivyo, na mwaka 1973 ikazaliwa Fashion Fair. Hapa Nairobi, Suzie Wokabi alianzisha SuzieBeauty kwa ajili ya ngozi zetu, kampuni ambayo kundi la Flame Tree liliinunua mwaka 2016, na Nelly Tuikong, aliyesomea uuguzi, akatuletea Pauline Cosmetics. Mwaka 2014 Lancôme ilimchagua Lupita Nyong'o kuwa sura yake. Fenty Beauty ya Rihanna ilianza mwaka 2017 na rangi 40, na Mei 2022 ikaanza kuuzwa rasmi Kenya.

Baada ya safari hiyo yote, sitakubali umruhusu mtu akuuzie rangi mbili juu ya yako eti "itakung'arisha". Uso utageuka majivu na shingo itasema ukweli. Wala usifuate mafuta ya kujichubua ili uifikie chupa. Kenya imepiga marufuku zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi kwa sababu zinaumiza watu. Chupa ndiyo imfuate mtu.

Dukani wakikuambia "hii iko karibu na yako", waulize iliyo yako iko wapi. Ikiwa haipo, leo changanya mbili ikibidi, lakini kabla ya kuondoka waandikie jina la rangi unayoitaka na uwaombe waiagize. Wiki ijayo rudi uulize tena, na aulize dada yako, na aulize shangazi. Mwenye duka hujaza rafu kwa kinachoulizwa, kwa hiyo tuulizeni mpaka rangi zetu zote zijae.