Taa Janja na Hisa za Saruji

Mtanzania alikuwa na kifaa janja ukutani miaka mingi kabla Kariakoo haijajaa balbu za kuwashwa kwa simu. Luku ni nini kama si kifaa janja? Inajua umetumia kiasi gani, inalia salio likikaribia kwisha, na ikishakata haisikilizi maelezo. Unanunua tarakimu 20, unasimama gizani kuzibonyeza, na anayekusomea kutoka kwenye simu lazima aruke moja katikati. Kwa hiyo majirani zangu hapa Tabata wanaponishangaa kwa kuzungumza na taa, huwa nawauliza: na nyie mnaoibembeleza mita?

Navipenda vifaa hivi na sina mpango wa kuviacha. Anayesubiri kisa cha mtu aliyetubu afungue ukurasa mwingine.

Adui wa kwanza wa nyumba janja ni swichi ya ukutani. Balbu zangu zinataka swichi ikae imewashwa saa zote, zipate umeme wa kusikilizia amri. Mama mkwe, aliyetoka Korogwe kuja kutusaidia kulea, amekua akijua kwamba anayetoka chumbani anazima taa. Akishapita yeye, nikifungua simu naambiwa chumba baada ya chumba: kifaa hakipatikani. Nikabandika selotepu juu ya swichi zote. Akazibandua, akazikunja vizuri, akaniletea mezani. “Baba Nuru,” akasema kwa upole, “kuna mtoto anachezea swichi humu ndani.”

Dukani balbu hizo zilisifiwa kuwa na rangi milioni 16. Kwetu zimetumika tatu: nyeupe, ya njano ya kulalia, na nyekundu ambayo nitaifikia, maana nusura ivunje uchumba wa watu.

Zina tabia nyingine ambayo aliyezitengeneza, naamini, anaishi mahali umeme haukatiki. Umeme ukikatika na kurudi, hazikumbuki kama zilikuwa zimezimwa. Zinawaka zote kwa nguvu zote. Saa tisa usiku nyumba inang'aa kuanzia sebuleni hadi stoo. Jogoo wa jirani anawika. Nuru anaamka kutafuta sare za shule. Mama Nuru anavuta shuka hadi kichwani, na kutoka humo nasikia, “Baba Nuru, waambie wenzako tumelala.”

Spika nayo ina mambo yake. Inaitikia jina la kike la Kizungu na haijui Kiswahili hata cha salamu, hivyo amri zote ni za Kiingereza. Dada wa kazi, Rehema, sasa anaiagiza taa ya jikoni kwa matamshi yanayonishinda mimi niliyemaliza chuo. Tatizo ni mtoto wa jirani, Alex, mtundu wa kupindukia. Mama yake akipaza sauti dirishani, “Alex, acha!”, spika yetu inaamka na kusema inasikitika, haijaelewa. Kosa anafanya Alex kwao, radhi tunaombwa sisi.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikashikwa na kwikwi. Watu walilia WhatsApp. Mimi nilikuwa sebuleni nikiiamuru taa izime, taa ikinitazama. Mama mkwe akataka kujua kulikoni. Nikamweleza kwamba sauti yangu hutoka hapa, inavuka bahari, inafika kwenye kompyuta za nchi za watu, inaeleweka huko, kisha jibu linarudi mpaka kwenye balbu. Alitafakari kwa muda.

“Kwa hiyo hata taa ya chooni kwetu swichi yake iko Ulaya?”

Akainuka, akaizima ya sebuleni ukutani, akaenda zake kuswali.

Swali lile lina uzito kuliko alivyodhani. Mwaka 2014 Google ilinunua kampuni ya Nest kwa dola bilioni 3.2, na Nest nayo, mwaka huohuo, ikainunua Revolv, waliokuwa wakiuza kijisanduku cha kuunganisha vifaa vya nyumbani kwa takribani dola 300. Mei 2016 huduma ikazimwa. Vijisanduku havikuwa vimeungua wala kuingia maji. Vilikuwa vizima kabisa, ila mwenye navyo aliye mbali alichoka, na walionunua wakabaki na mapambo ya kabati. Tangu niliposoma habari hiyo, kila ninapokwenda dukani namuuliza muuzaji: intaneti ikikatika, hiki kinafanya nini? Jibu la Kariakoo ni moja. “Bosi, hiyo ina waranti.”

Hapo ndipo hisa zilipoingia. Nilijiambia kama uhai wa kifaa uko mikononi mwa kampuni, basi na mimi nikakae upande wa wenye kampuni. Hoja nzuri, isipokuwa ukifika Soko la Hisa la Dar es Salaam hukuti balbu. Soko hilo lilianza biashara Aprili 1998 kwa hisa za TOL, wauza gesi za viwandani na hospitalini, na mengi yaliyofuata ni ya aina hiyohiyo: bia, sigara, saruji, benki, wahudumu wa mizigo ya ndege. Kampuni ya simu, Vodacom, iliingia mwaka 2017. Mwaka mmoja kabla yake, soko lenyewe liliorodhesha hisa zake humohumo, sawa na muuza duka aliyepanda kukaa rafuni katikati ya sabuni. Shabiki wa teknolojia anapitisha macho juu mpaka chini kwenye orodha ile akitafuta kitu chenye taa ya kumetameta, anakutana na Twiga na mifuko yake ya saruji.

Rafiki yangu mmoja, mtaalamu wa masoko ya nje kwa kipaji cha kujipa mwenyewe, aliniambia niachane na saruji nitazame Marekani. Akanitajia iRobot, watengenezaji wa Roomba, kile kifagio kinachojiendesha. Kifaa chenyewe nakiheshimu. Kilitoka mwaka 2002, na hapa nyumbani tuna ndugu yake wa bei nafuu, ambaye amekula pindo la mkeka wa mama mkwe na bado tunamsamehe. Lakini ona hisa zake. Agosti 2022 Amazon ilitangaza itainunua iRobot kwa karibu dola bilioni 1.7. Wakubwa wa ushindani wa biashara Ulaya wakaweka ngumu, Januari 2024 mpango ukafa, na Desemba 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikielekea mikononi mwa Wachina waliokuwa wakiiundia vifagio. Kifagio kilikuwa kinafagia muda wote huo! Kitu kinaweza kuwa kizuri sana kukitumia na kibaya sana kukimiliki, na mashabiki wenzangu hawapendi kulisikia hilo kwa sababu mkononi tayari wana risiti.

Nikanunua saruji. Saruji haiulizi nenosiri. Gawio linaingia likiwa limeshakatwa kodi yake ya asilimia 5, bila mimi kubonyeza chochote.

Na hicho cha kutobonyeza ndicho kilichonitesa. Hisa za kwetu zinaweza kukaa siku kadhaa bei ileile, kwa kuwa anayeuza na anayenunua hawajakubaliana, na mtu aliyezoea simu kutetemeka kila dakika hawezi kuishi hivyo. Nikaandika kijiprogramu. Kila jioni kinasoma bei ya kufunga: ikipanda, taa ya sebuleni iwe ya kijani, ikishuka, iwe nyekundu, ikisimama, ibaki nyeupe. Taa ikabaki nyeupe mpaka watu wote wa nyumbani wakasahau kama kuna mpango wa namna hiyo.

Kisha wakaja wajumbe wa posa. Walimjia mdogo wake Mama Nuru, na kwa kuwa mama mkwe yuko kwetu, wakaelekezwa kwetu. Wazee watatu wenye kanzu na kofia, kahawa, kashata, ubani kwenye kona. Mshenga alikuwa fundi wa maneno. Akaanza mbali, akapita njiani, akafika bustanini, akaliona ua. Alipokuwa ananyoosha mkono wa maneno alichume, sebule nzima ikawa nyekundu.

Nyekundu ile haikuwa ya machweo. Ilikuwa ya zile nyumba za wageni za vichochoroni ambazo wazee wale, kwa jinsi walivyoinamisha macho kwa pamoja, walionekana kuzifahamu. Mama Nuru akanitazama. Nikatoa simu kuirudisha nyeupe, vidole vina jasho, simu haivitambui. Nikalazimika kusema kweli.

“Samahanini wazee. Hisa za saruji zimeshuka.”

Kimya. Mshenga, ambaye kumbe ni mfanyabiashara wa Tanga, akanyanyua kichwa. “Kwa kiasi gani?”

“Shilingi 20.”

“Alhamdulillahi,” akasema. “Basi na mahari tuyatazame kwa jicho hilohilo.”

Mama mkwe hakusubiri mjomba, msemaji wetu, ajibu. “Hiyo ni taa ya mkwe wangu,” akasema. “Bei yetu haitumii waifai.”

Posa ilikubaliwa, na taa ya bei ikahamishiwa stoo, inakowaangazia mende.

Sasa hivi nahangaika na kipimo cha tangi la maji. Mama mkwe hupima kwa kuligonga kwa fimbo na kusikiliza, na sijawahi kumsikia akikosea, lakini maji ya mgao yakija usiku nani ataamka kugonga? Kipimo changu hakihitaji intaneti, kinalia tu. Fundi alikuja kuangalia, akasema kabla ya yote msingi wa tangi umepasuka, unataka saruji mifuko miwili.

“Halafu bosi, dada Rehema ameniambia una hisa kiwandani.”

“Ninazo.”

“Sasa si upige simu waitupe hapa getini, mtahesabiana huko mwisho wa mwezi?”

Nikajaribu kumfafanulia habari za wanahisa, bodi na gawio. Alinisikiliza kwa subira, kama alivyomsikiliza mama mkwe akimweleza kuhusu fimbo.

“Hawakukopeshi hata mfuko mmoja?”

“Hawanijui.”

Akatikisa kichwa, akashuka ngazi. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikalipa bei kamili, mifuko ikapakiwa kwenye bajaji. Njiani nilijitahidi kukokotoa ni senti ngapi za mifuko ile zitarudi kwangu, zikishakatwa ile asilimia 5.