Naomba Chenji ya Viboko Vitano

Barua ya wazi kwa Mkuu wa Shule anayosoma mwanangu

YAH: MAOMBI YA KUREJESHEWA VIBOKO VITANO VILIVYOZIDI

Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo. Inawezekana tumelingana umri, au hata nimekupita kidogo, lakini mzazi akishavuka geti la shule hurudi kuwa mtoto. Kwa hiyo naitanguliza shikamoo kabla sijaulizwa iko wapi.

Mimi ni fundi cherehani, Kivule. Nakuandikia kwa habari ya hesabu ambayo haikukaa sawa. Jumanne ya wiki iliyopita mwanangu wa kidato cha pili alirudi nyumbani na viboko tisa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, kama zilivyorekebishwa 2002, zinasema visizidi vinne. Tisa toa vinne, vinabaki vitano. Hiyo ndiyo chenji ninayoifuata.

Utauliza nimejuaje kuwa ni tisa. Mtoto hakusema. Alikula ugali amesimama, ameegemea kabati la vyombo. Nikamwambia kaa, akajibu kwamba leo darasani amekaa sana. Kijana wa miaka 14 aliyechoka kukaa sijapata kumwona. Bibi yake ndiye aliyemvua shati. Nikachukua futi yangu, ile ninayopimia viuno vya watu, nikapima. Mstari mrefu kuliko yote ulikuwa sentimita 17, umeanzia kiunoni ukapanda mgongoni. Mfupi ulikuwa sentimita sita, karibu na kiwiko, pale alipojaribu kujikinga. Kwa kazi yangu nahesabu mistari ya kitambaa hata kikiwa kimekunjwa. Ilikuwa tisa.

Kanuni hizo hizo zinataka kiboko kitue kiganjani au makalioni juu ya nguo, na fimbo iwe nyepesi, inayopinda. Kati ya vile tisa, vinne vilifika kituoni. Vilivyobaki vilikatisha ruti: viwili vikashushia mgongoni, viwili mapajani, na hicho kimoja cha kiwiko. Daladala ikikatisha ruti hapa Dar es Salaam inakamatwa na dereva anapigwa faini. Kiboko kikikatisha ruti hatujaambiwa namba ya kupiga, ndiyo maana nimekuja kwako.

Sasa kosa lenyewe. Mtoto alitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nina uhakika kwa sababu mimi ndiye niliyempa 400, mia mbili ya kwenda na mia mbili ya kurudi. Kituoni walikuwa wanafunzi kama kumi na tano. Gari la kwanza likaja, konda akatoa kichwa: “Denti wawili tu!” Wakaingia wawili wenye viwiko vigumu. La pili halikusimama kabisa, maana konda aliona mashati meupe kwa mbali. La tatu lilipakia watu wazima, na mkono wa konda ukabaki umenyooka mlangoni kama kizuizi cha barabarani mpaka gari likaondoka. La nne na la tano vivyo hivyo. Wenye pesa waligeuza na gari ili wapate nafasi, lakini kugeuza ni kulipa mara mbili, na mwanangu alikuwa na mia nne ya siku nzima.

Sina ugomvi mkubwa na konda. Nauli zilipopanda Desemba 2023, mtu mzima wa ruti fupi alifika 600 na mwanafunzi akabaki 200. Kwenye kiti kimoja konda anaona mtu mzima mmoja, au wanafunzi watatu waliopakatana. Jioni tajiri wa gari anataka hesabu yake, na haulizi konda amewaacha wanafunzi wangapi. Konda anafanya kile alichofundishwa shuleni: kutoa na kugawanya.

Gari la sita ndilo lililomchukua, saa moja na robo, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Akafika getini kwako saa moja na dakika arobaini. Geti hufungwa saa moja na nusu. Alichelewa dakika kumi. Sibishi.

Pale getini, wachelewaji wamepiga magoti kwenye kokoto, mwalimu wa zamu akawa anawahoji. Anauliza kwa Kiingereza na kujibiwa kwa Kiingereza, ndiyo kanuni ya shule. Mwalimu, wewe una shahada. Hebu nitafsirie “konda alitubania.” Mwanangu alijaribu, wenzake wakacheka, akarudi kwenye Kiswahili. Hapo akawa na makosa mawili: kuchelewa na kujieleza.

Akahukumiwa vinne. Kwa hilo nampongeza mwalimu wa zamu, kumbe kanuni anaijua. Kilipotua cha tatu, mtoto akapeleka mkono nyuma. “Umeshika! Tunaanza upya.” Na kweli akaanza upya, kimoja mpaka vinne. Mpaka hapo ni saba. Mtoto alipoinuka akasema, “Mwalimu, konda...” Hakumaliza. Akaongezwa viwili vya kujibizana. Mimi nikikosea kukata kitambaa cha mteja siwezi kumwambia tunaanza upya. Kitambaa ni kile kile.

Halafu akapewa ndoo akajaze pipa la vyooni. Alipolijaza, vipindi viwili vya Hisabati vilikuwa vimepita, dakika 80. Yaani mtoto kaichelewesha shule dakika kumi, shule imemtoza themanini. Mheshimiwa, hata wale jamaa wa kausha damu wanaotukopesha huku mtaani hawajafika kwenye riba hiyo.

Alhamisi nilikuja. Nilitangulia mapema kwa sababu nilitaka kukuwahi kabla ya kazi zako, nikakaa kwenye benchi la mlinzi. Geti likafungwa saa moja na nusu barabara, wachelewaji wakaanza kupiga magoti. Saa moja na dakika hamsini bodaboda ikamshusha mwalimu mmoja, mkoba begani, jasho linamtoka. Akaniona namtazama. “Foleni ya Gongo la Mboto, mama, we acha tu.” Nikampa pole, na pole yangu ilitoka moyoni, maana foleni hiyo naijua. Mlinzi akafungua geti. Mwalimu akapita katikati ya wale waliopiga magoti, akaenda zake darasani. Ndoo sikuiona.

Wewe hukuwepo, ulikuwa kikaoni halmashauri. Nikapelekwa kwa mwalimu wa nidhamu, akanipokea vizuri, kiti nikapewa. Akasema, “Mama, sisi wote tulichapwa, ndiyo maana tumefika hapa.” Jibu hilo nimelisikia mahali pengi na sijawahi kulielewa. Mimi pia nilichapwa. Darasa la sita nilichapwa kwa kutokuja na ufagio, siku ambayo mama alikuwa amelazwa na mwenye kunikatia njiti za ufagio hayupo. Fimbo naikumbuka, ilikuwa ya mpera, bado ina gome. Mwalimu namkumbuka kwa jina lake na la baba yake. Somo la siku ile silikumbuki hata kidogo.

Nikaomba jambo dogo: nionyeshwe daftari la adhabu. Kanuni zinalitaja. Kila mtoto akichapwa aandikwe jina, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa, kisha wewe mkuu wa shule utie saini. Tena mwenye ruhusa ya kuchapa ni wewe mwenyewe, au mwalimu uliyemkabidhi kwa maandishi, na hata huyo apate idhini yako kila mara anapotaka kuchapa. Mwalimu wa nidhamu akanitazama kama muuza mahindi ya kuchoma aliyeombwa risiti ya mashine. Akasema daftari lipo, limo kabatini, na ufunguo wa kabati unao wewe.

Fimbo haikuwa kabatini. Ilikuwa juu ya meza, kando ya chaki. Kwenye mshikio imezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, umefungwa vizuri kwa uzi, ili mshikaji asiumie kiganja.

Nikabaki naiangalia. Mtu amekaa, akakata tyubu, akaivuta, akazungusha, akapiga fundo. Kazi safi, hata mimi fundi nimeikubali. Kumbe shule ina muda wa kumhurumia mtu kabla ya kuchapa, ila huruma ile ilitengewa upande mmoja wa fimbo.

Nimesoma pia ni makosa gani yanayostahili kiboko. Kanuni zinataja utovu mkubwa wa nidhamu, na makosa mazito yanayoweza kuivunjia shule heshima. Nimejaribu kuziweka dakika kumi za kituoni Kivule katika mojawapo, hazikuingia. Labda aliyevunja heshima ya shule ni yule konda aliyeona mashati meupe akaongeza mwendo, lakini yeye hana sare yenu, na kwa umbo lake nadhani mwalimu wa zamu angependelea kumwandikia barua.

Wapo watakaosema kanuni hizi hazina meno, na mifano wanayo. Oktoba 2019 Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa wanafunzi 14 wa sekondari huko Chunya mbele ya kamera, na Rais Magufuli akampongeza. Nimepitia kanuni mstari kwa mstari, nimemwona mkuu wa shule, mkuu wa mkoa sikumwona. Kama naye anaweza kujiongeza kwenye orodha, mimi nitaomba nafasi ya fundi cherehani.

Lakini mwaka huo huo, mwezi Machi, Mahakama Kuu kule Bukoba ilikuwa imemhukumu mwalimu adhabu ya kifo, kwa sababu mwanafunzi wa darasa la tano aliyechapwa Agosti 2018, akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu, alikufa. Hapa kejeli yangu inakwama, mheshimiwa. Nimeileta kesi hiyo kwa sababu mwalimu yule asubuhi ile hakutoka kwake akiwa muuaji. Alitoka akiwa mwalimu, akaingia mahali ambapo hakuna aliyekuwa anahesabu.

Shemeji yangu wa Nairobi ananicheka. Kwao fimbo ilifutwa shuleni tangu 2001. Namuuliza, kwa hiyo watoto hawachapwi? Anacheka zaidi, anasema fimbo haisomi gazeti la serikali. Kwa hiyo sikuombi ufute fimbo, najua si kazi yako, na wazazi wenzangu wengi wangeandamana wakitaka irudishwe. Mimi naomba ile ile mliyoandikiwa, kwa kipimo kile kile.

Nikurudishe kwa bibi yake, maana yeye ndiye aliyekuwa wakili wako nyumbani kwangu. Miaka yote nikilalamika kuhusu shule, alikuwa ananikatisha: samaki mkunje angali mbichi. Alilelewa hivyo, akanilea hivyo. Jumanne ile mtoto alipovuliwa shati nilimgeukia nikitegemea methali. Hakuitoa. Aliinuka, akabandika maji, akatia chumvi, akachana khanga yake kuukuu, akawa anamkanda mjukuu wake taratibu, mstari baada ya mstari. Alipofika kwenye ule wa kiwiko akauliza, “Huu nao wa nini?” Mtoto akasema, “Huo nilishika.” Bibi akakamua kile kitambaa, asiseme neno. Mpaka leo habari za samaki sijazisikia tena.

Basi, kuhusu chenji. Nimefikiria namna unavyoweza kunilipa. Ungeweza kuniwekea akiba, mtoto akichelewa tena mtoe kwenye vile vitano, lakini nimeogopa riba. Ungeweza kuvihamishia kwa konda, lakini naye ana mtoto anayesoma, na asubuhi mtoto huyo huachwa kituoni na konda mwingine. Ungeweza kunijibu kama wanavyojibu wao, chenji utapata mbele, na mimi nikashuka bila kupewa, kama kawaida yetu.

Kwa hiyo nimepunguza madai. Naomba lipatikane lile daftari la adhabu, liandikwe jina la mwanangu, na kwenye nafasi ya kosa liandikwe kosa lake kama lilivyo: aliachwa na magari matano. Kwenye idadi iandikwe tisa. Aliyechapa aandike jina lake, kisha nawe utie saini chini yake kwa mkono wako, ukiwa umesoma.

Mtoto sasa anaondoka nyumbani saa kumi kamili, akiwahi gari la kwanza, ambalo watu wazima bado hawajalijaza. Anafika kwenu saa kumi na moja, anakaa gizani kwenye benchi la mlinzi, amekumbatia begi, mpaka geti lifunguliwe. Mlinzi ameniambia wamekuwa sita sasa, wawili ni wasichana.

Nitakuja Ijumaa saa mbili asubuhi kulisoma daftari. Nauli yangu ni 600, kwa hiyo sitachelewa.

Wako katika kulea,
Mzazi wa kidato cha pili, Kivule