Otto wa Batsinda na masharti manne ya Abi Shujaa

Mjomba, shangazi, na nyote wa Ngamiani, Tanga,

Mimi ni mzima wa afya, ila bega la kulia linauma, na bega hilo ndilo habari yenyewe. Nimesikia kwamba huko barazani imetangazwa kuwa nimefuga mbwa Kigali na kwamba tunalala chumba kimoja. Nusu ya habari ni kweli. Mbwa yupo. Chumbani hakanyagi: ana banda lake nyuma ya nyumba, la mbao na bati, na msimu huu wa mvua anayevujiwa ni mimi.

Kwanza mjue nilipo. Batsinda ni mtaa wa kaskazini mwa Kigali, wilaya ya Gasabo, sekta ya Kinyinya, kwenye vilima vya baada ya Kagugu. Jina lake lilivuma mwaka 2008 hivi, jiji lilipojenga huku nyumba 250 za bei nafuu kwa ajili ya watu waliohamishwa Kiyovu ya maskini, pale katikati ya mji. Siku hizi mtaa umetanuka, nyumba zimesogeleana, na ukikaanga dagaa jirani wa tatu anajua. Kuku wapo, watoto wapo, nguo ziko kwenye kamba. Kuku hao wana nafasi yao katika kisa hiki.

Nyumba nimepangishwa na bwana mmoja wa hapa aliyeishi Ubelgiji miaka mingi. Aliporudi alikuja na watoto, makochi na mbwa. Kisha kazi ikamwita Afrika Magharibi, akaniuliza kama ningekubali kubaki na mbwa kwa kupunguziwa kodi. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Tangu Rwanda ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017 sisi walimu wa Kiswahili tunatafutwa, lakini kutafutwa si kulipwa. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi.

Anaitwa Otto, na ni Mjerumani. Kwao kabila lake huitwa Deutsch Kurzhaar, lilitengenezwa na wawindaji wa huko karne ya 19. Walitaka mbwa mmoja wa kufanya kazi zote: azunguke shamba kwa kuusoma upepo, akinusa ndege aliyejificha agande, mguu mmoja juu, mkia umenyooka, pua ikielekeza penye mali, bunduki ikilia asitoke alipo, kisha akitumwa aingie majanini au majini, aokote kilichoanguka na kukileta mkononi bila kukitoboa. Dume huwa na kilo 25 hadi 32, misuli mitupu, na anaweza kukimbia tangu alfajiri hadi magharibi kisha akakuuliza kwa macho mnaanza saa ngapi.

Ninyi watu wa Tanga Wajerumani mnawajua. Vita vya Novemba 1914, na wale nyuki walioshambulia majeshi bila kujali bendera, mmesimuliwa tangu utotoni. Kigali nayo ilianzishwa na Mjerumani, Richard Kandt, mwaka 1907. Tofauti ni kwamba Kandt alikuwa na mji wa kujenga. Otto ana mmoja wa kubomoa, na ameanza na bustani yangu ya mchicha.

Maana tatizo lake ni ajira. Kigali hakuna anayetoka na bunduki kutafuta kwale. Kumweka mbwa wa namna hii Batsinda ni kumpangia nahodha wa jahazi kituo cha kazi Dodoma. Na mbwa wa kazi akikosa kazi halali akangoja: hujiajiri. Otto alijiteua kuwa mkaguzi wa kuku wa mtaa mzima. Akajipa pia idara ya kwarara, wale ndege wenye mdomo mrefu wanaopiga kelele asubuhi kwa sababu zao wenyewe. Wakitua uwanjani, yeye anaganda, mguu juu, nami nimeshika kamba huku kipindi cha kwanza kinaanza bila mwalimu.

Sasa Mjomba, najua unaloliwaza. Mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Naosha. Udongo mwekundu wa vilima hivi hautaisha leo. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyetusomesha kwamba Sura ya Al-Maida, aya ya nne, imewataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na kwamba windo lao ni halali. Na katika kitabu cha fikihi cha Abi Shujaa ulitukaririsha masharti manne ya mnyama aliyefundishwa: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akiua asile, na hayo yajirudie, yasiwe ya kubahatisha. Basi nimekuja kugundua kwamba Wazungu wenye mafilimbi na majaketi ya kijani wanafundisha mambo hayohayo, ila wanatoza ada. Nikaamua Otto afanyiwe mtihani wa Abi Shujaa.

Sharti la kwanza, akitumwa aende. Hapa alipata mia kwa mia na ziada, kwa sababu huenda kabla ya kutumwa. Ndipo bega langu lilipoharibika.

Sharti la pili, akizuiwa azuilike. Hili ndilo somo lenyewe. Mbwa wa aina hii si kiziwi wala si mjinga. Amezalishwa vizazi na vizazi ili aamue mambo mwenyewe akiwa mbali na bwana wake, kwa sababu pua yake inajua yasichokijua macho ya mtu. Kwa hiyo ukimwita wakati ananusa, anakuona kama karani mdogo anayemkatiza mkurugenzi. Kumpiga hakusaidii, mbwa aliyepigwa akirudi hujifunza kutorudi. Dawa yake ni kamba ndefu, subira, na biashara: kila anachokitaka kipitie kwangu. Anataka kutoka getini? Akae kwanza. Anataka kunusa kichaka? Anitazame kwanza, kisha ruhusa. Pole pole karani anapandishwa cheo.

Kisha inakuja filimbi. Mlio mmoja mrefu maana yake kaa hapohapo. Milio mifupi mifupi maana yake njoo. Tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba mpaka akaelewa. Shida ni kwamba hatukuwa peke yetu wenye filimbi. Karibu nasi kuna mwalimu wa michezo, mpenda filimbi kuliko mpira. Akipuliza mrefu kusimamisha mchezo, Otto anakaa chini katikati ya barabara, na pikipiki zinamzunguka abiria wakimsifu kwa adabu. Nikipuliza mimi, anafikiri.

Sharti la tatu, asile. Hapa, Mjomba, ningependa ungekuwepo. Mbwa wa kuokota ndege huzaliwa na mdomo laini, na kazi ya mwalimu ni kutouharibu kwa kumnyang'anya vitu kwa nguvu. Jirani yangu ana tetea anayetaga nje ya banda. Jirani akawa anapata yai lake mlangoni kwangu, zima, limelowa. Siku nyingine aliletewa tetea mwenyewe, mzima, hana jeraha hata la unyoya, isipokuwa la heshima.

Umuganda ndio uliomtangaza. Huku Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, watu wote hutoka kufanya kazi za jamii: kufyeka, kuzibua mitaro, kusafisha barabara. Nilikwenda naye kwa nia njema. Watu wakafyeka, wakatupa matawi bondeni, Otto akayarudisha. Wakatupa tena, akarudisha tena, mkia ukipepea, maana hatimaye amepata waajiri. Mwisho alimletea mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, kandambili yake mwenyewe, ambayo mzee alikuwa bado hajajua kwamba imepotea.

Wengi walicheka. Wachache hawakucheka, na nawaomba ninyi pia msiwacheke hao. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa walikula maiti zilizoachwa nje, na askari wakawapiga risasi kwa wingi. Baadaye nchi ilikaa miaka karibu haina mbwa. Mtu wa makamo akivuka upande wa pili wa barabara anapomwona Otto, haogopi meno. Ndiyo maana kamba haitoki mkononi, na nikimwona mzee mbele namkalisha Otto pembeni mpaka apite. Hilo silifundishi kwa ajili ya Abi Shujaa. Ni ujirani.

Nilipochoka kuwa mwajiri asiye na kazi ya kutoa, nikaangalia wenzake wanaishije. Kumbe wana ajira nzuri kunishinda. Hapa Kigali mbwa wananusa magari kwenye malango ya hoteli na majengo ya maduka. Hifadhi ya Akagera ina kikosi cha mbwa dhidi ya majangili. Ng'ambo ya mpaka, katika Hifadhi ya Virunga, kikosi cha namna hiyo kilianza mwaka 2011: wale wa masikio marefu wanafuata nyayo za majangili, na springer spaniel, ambao ni wa fani ileile ya bunduki kama Otto, wananusa silaha na pembe za ndovu. Hata kwetu, Usa River pale karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha kituo cha kuwafunza mbwa na askari wanaowaongoza, na mbwa wa mpango huo wamefanya kazi bandarini Mombasa. Mshahara wao nini? Mpira wa tenisi. Mbwa hajui bei ya pembe. Anajua akiipata harufu ile, bwana wake atatoa mpira.

Pembe sina. Nina karafuu alizonitumia shangazi. Nikazifunga kwenye kitambaa, nikazificha chini ya ndoo, nyuma ya mlango, kwenye ua la jirani kwa idhini yake. Akizipata anaganda, nami natoa mpira. Mjomba, nyumba ikatulia! Robo saa ya kutumia pua inamchosha kuliko kilomita za kukimbia. Mchicha ukaanza kuota tena.

Mpaka Idi. Jirani zetu Waislamu, waliohamia kutoka Biryogo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali, walipika pilau uani. Nilikuwa nimemfunga Otto. Kamba ilikuwa na maoni tofauti. Nilipofika, wazee walikuwa wamesimama juu ya viti wameshika kanzu zao, na katikati ya ua, hatua mbili kutoka kwenye sufuria, Otto ameganda. Mguu juu. Mkia umenyooka. Pua kwenye pilau. Nikapuliza filimbi, mlio mmoja mrefu, nikisoma dua ninayoijua na nisiyoijua. Akakaa.

Mzee mmoja akauliza kwa Kiswahili safi cha Biryogo, "Huyu anataka nyama?"

Nikasema, "Hapana, mzee. Anatafuta karafuu."

Mzee akashuka kitini, akamtazama Otto, akatazama sufuria ambayo haikuguswa, akasema, "Basi huyu amesoma." Nikatoa mpira hapohapo, na nikaletewa sahani.

Limebaki sharti la nne, yajirudie. Kesho yake tulikuwa uwanjani, kwarara wakatua, nikapuliza filimbi ileile, mlio uleule. Otto akaniponyoka, akaelekea upande wa Nduba, akarudi jioni na kofia ya mtu tusiyemjua, haina hata mkunjo. Kwa hiyo kwa hukumu ya Abi Shujaa bado hajafundishika, na kama kuna windo lolote mlilotarajia niwaletee, msahau.

Mwisho, ombi la binamu la kuletewa mtoto wa Otto alinde duka. Jibu ni hapana. Huyu hatalinda duka; atawasaidia wezi kubeba, na kwa uangalifu. Mbwa wa kuwinda anataka uwanja, anataka kazi kila siku, anataka mtu mwenye muda. Anayempenda kwa rangi tu atakuja kumfunga mnyororo, na mbwa wa namna hii akifungwa mnyororo huharibika akili. Tafadhali watunzeni wale mbwa wa mtaani mlionao, na wapelekeni chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa hicho huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Mtoto akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, robo saa nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Shangazi, karafuu zimekwisha. Naomba nyingine, za kazi na za pilau, mifuko miwili tofauti.

Wasalaam,
Mpwa wenu, Batsinda