Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenyekiti Anayeuza Manowari Moja kwa Majina Mawili

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi,
Kiwanda cha Manowari za Plastiki
(jina la kiwanda nalihifadhi kwa heshima yako).

YAH: OMBI LA KUWATENGANISHA DADA WAWILI, BISMARCK NA TIRPITZ

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwanza kabisa pokea shikamoo yangu. Umri wako siujui, lakini mtu mwenye viwanda, maghala na mawakala katika kila bara hawezi kuwa mdogo wangu. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, mitambo yako ya kumimina plastiki inanguruma, na wanahisa wako wanalala usingizi mnono. Huku Dar es Salaam sisi wateja wako hatujambo, ila kwa jambo moja dogo ambalo naona haya hata kulitaja mbele ya mtu wa hadhi yako.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Miongoni mwa bidhaa zako zinazosifika ni maboksi mawili ya kipimo cha 1:350, yaani kila sentimita moja mezani ni mita tatu na nusu baharini. Moja limeandikwa Bismarck, la pili Tirpitz, majina ya manowari dada za Kijerumani. Michoro ya vifuniko ni ya kupendeza mno. Kwenye la kwanza bahari imechafuka na mizinga inatema moto. Kwenye la pili kuna milima yenye theluji na meli imejibanza katika fiodi, ule mkono wa bahari unaoingia kati ya majabali ya Norwe. Anayeyatazama maboksi hayo dukani hawezi kuwachanganya dada hawa hata kidogo. Mimi kwa unyonge wangu nikanunua yote mawili, nikiwa na nia ya kuwapanga ubavu kwa ubavu kabatini, kila mmoja kama sentimita 72 kutoka omo hadi tezi, nipate kuona walipofanana na walipoachana.

Mheshimiwa, naomba nieleweke kwamba siandiki kulalamika. Walalamikaji ni watu wasio na shukrani, na wengi wao hata kabati hawana. Naandika kuripoti tu.

Mzigo ulipofika, afisa wa forodha aliniomba kwa upole niufungue. Ni haki yake. Mtu mzima anayepokea vifaa vya kuchezea vyenye picha za mizinga lazima aulizwe maswali. Akatoa fremu za plastiki za boksi la kwanza, akatoa za boksi la pili, akazipanga juu ya meza mbilimbili. Kijana yule hajawahi kushika gundi ya plastiki maishani mwake, wala Wilhelmshaven ya Wajerumani haijui iko upande gani. Akazitazama, kisha akaniuliza: "Mzee, mbona wamekuletea kitu kimoja mara mbili?" Nikamjibu kwamba hizo ni meli dada. Akarudia kuangalia vifuniko, akarudia kuangalia fremu. "Dada wako wapi? Mimi hapa namwona mmoja." Halafu akanitoza ushuru wa wawili.

Nilipofika nyumbani nilizikagua fremu kwa utulivu. Kwenye kile kipande cha pembeni ambako mafundi wako huandika jina la bidhaa, boksi la Tirpitz lina alama ya kufutwa. Ukikipeleka dirishani na kukiinamisha kidogo, mwanga unakamata B, halafu I, halafu kitu kinachoweza kuwa S. Herufi zilizibwa kwenye kalibu lakini hazikuzibika vizuri. Ndipo nikajua kwamba Tirpitz wangu ni Bismarck aliyeongezewa fremu moja ya ukubwa wa kiganja: mirija ya topido, vimizinga vichache na karatasi ya stika.

Sasa naomba nikukumbushe, Mheshimiwa, mambo ambayo bila shaka unayajua kuliko mimi. Mkuku wa Bismarck ulilazwa Hamburg, katika karakana ya Blohm & Voss, tarehe 1 Julai 1936, na meli ikashushwa majini tarehe 14 Februari 1939. Mkuku wa Tirpitz ulilazwa Wilhelmshaven tarehe 2 Novemba 1936, na meli ikashushwa tarehe 1 Aprili 1939. Ramani ilikuwa moja, na zote zilibeba mizinga minane ya sentimita 38 katika minara minne, ambayo Wajerumani waliipa majina ya Anton, Bruno, Caesar na Dora. Kwa hiyo bodi lile moja ulilotuuzia mara mbili ni halali yako kabisa. Bodi la meli ndilo kalibu kubwa na la gharama kuliko mengine yote, na dada hawa kweli walivaa sare, kama mashangazi wa bibi harusi waliokatiwa kanga za jora moja. Sina neno na bodi.

Neno langu linaanzia sitahani. Bismarck iliingia kazini tarehe 24 Agosti 1940 na kuzama tarehe 27 Mei 1941. Haikufikisha hata miezi kumi, na ndani ya muda huo haukuwepo wasaa wa kubadilisha mengi. Tirpitz iliingia kazini tarehe 25 Februari 1941 ikaishi hadi tarehe 12 Novemba 1944, siku ambayo ndege za Lancaster za Uingereza ziliipindua karibu na Tromsø kwa mabomu ya Tallboy, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya tani tano. Miaka yote ile ilikuwa ikijificha na kupigwa, na kila ilipopigwa mafundi waliongeza kitu. Bismarck ilikuwa na mizinga 12 ya milimita 20 ya kutungulia ndege. Kufikia 1944, ya Tirpitz ilikuwa imezidi 50. Tirpitz ilifungwa mirija minane ya topido, minne kila ubavu, ambayo dada yake hakuwa nayo kabisa. Winchi zake kubwa, zile za kunyanyulia ndege na mashua katikati ya meli, zilisimama juu kuliko za Bismarck kwa sitaha moja.

Hizo winchi, Mheshimiwa, ndizo zilizoninyima usingizi. Sitaha moja ya meli halisi ina kimo cha mita mbili na nusu hivi. Mezani kwangu hiyo ni milimita saba. Mtu mwenye shughuli nyingi kama wewe anaweza kusema milimita saba ni kitu gani. Lakini kwa jicho la anayeziweka meli hizi pamoja, hapo katikati ndipo dada wanapoachana. Ukitazama picha ya ubavuni ambayo haina maelezo, huangalii jina, unaangalia winchi. Na karatasi yako ya maelekezo inaniagiza, kwa mchoro safi kabisa, nizichomeke winchi za Tirpitz katika matundu ya Bismarck.

Nimejaribu kukutetea mbele ya wenzangu. Nimewaambia kwamba kuchonga kalibu la chuma ni gharama kubwa, kwamba wanunuzi wengi hawatazami, na kwamba mtu wa kwanza kuligundua jambo hili hapa kwetu alikuwa afisa wa forodha. Hawakuridhika. Mmoja wao, ambaye ni mkorofi na ninakuomba usimchukulie hatua, amesema kwamba kama kampuni inaweza kumlipa msanii achore vifuniko viwili, inaweza pia kumlipa fundi achonge winchi mbili.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko winchi, nalo nalileta kwa hofu. Boksi lako linasema Bismarck, halisemi Bismarck ya lini. Meli iliyoshushwa majini Februari 1939 ilikuwa na omo iliyonyooka wima. Baadaye ikakatwa na kuwekewa ile iliyochongoka kwenda mbele, ya kukabili mawimbi ya Atlantiki. Masika ya 1941, ikiwa katika bahari ya Baltiki, ilipakwa milia mikubwa myeusi na myeupe ubavuni. Tarehe 21 Mei 1941, ikiwa imetia nanga karibu na Bergen, mabaharia wake waliifunika milia hiyo kwa rangi ya kijivu. Siku tatu baadaye, tarehe 24, ikapambana na manowari ya Kiingereza Hood, ambayo ililipuka, na kati ya watu 1,418 waliokuwamo wakapona 3 tu. Kifuniko chako kinaonyesha Bismarck ikiipiga Hood huku milia inang'aa. Kwa heshima zote, Mheshimiwa, hiyo ni vita ya Jumamosi ikipiganwa na nguo za Jumatatu.

Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba umbali kati ya Bismarck na Tirpitz ni mdogo kuliko umbali kati ya Tirpitz ya 1941 na Tirpitz ya 1944. Dada wawili siku moja hufanana. Meli moja katika miaka mitatu inaweza kujikana yenyewe. Tusipoambiwa tarehe, hatujui tukate nini, tubandike nini, wala tupake rangi gani, na mabishano ya kabatini hayana mwisho.

Usidhani nakuonea wewe na Wajerumani peke yenu. Wajapani walijenga Yamato huko Kure na Musashi huko Nagasaki, manowari za mizinga kubwa kuliko zote zilizowahi kuelea, zenye mizinga tisa ya sentimita 46. Zilipoanza kazi kila moja ilikuwa na minara minne ya mizinga ya sentimita 15.5. Mwaka 1944 ile miwili ya ubavuni ikaondolewa ili kupisha mizinga ya kutungulia ndege. Yamato ikapata ile mizito ya sentimita 12.7, ikafikisha midomo 24. Musashi haikuipata, ikajaziwa midogo ya milimita 25 na kubaki na midomo yake 12 ya sentimita 12.7. Basi mtu akikuuzia Musashi bila kutaja mwaka, umwulize: yenye minara minne au miwili? Na akikuuzia Musashi ya Oktoba 1944, mwezi iliozama, hesabu midomo kabla hujalipa.

Wamarekani nao wana Iowa na dada zake watatu. Iowa ilitoka kiwandani na daraja la nahodha lenye uso wa duara, Missouri ikatoka na lenye pembe. Anayeniburudisha zaidi ni Wisconsin. Mei 1956 iligongana na meli ndogo ya kivita, Eaton, ikaharibika omo; mafundi wakakata omo ya Kentucky, dada ambaye hakuwahi kukamilishwa, wakamshonea Wisconsin. Kwa hiyo Wisconsin wa 1957 ni dada aliyevaa pua ya dada mwingine, na bado kuna maboksi yanayomwita Wisconsin tu, kama vile hakuna lililotokea. Hawa wanne angalau hawana kisingizio, maana wote wamehifadhiwa kama makumbusho na fundi wako anaweza kupanda sitahani na futi kamba yake.

Na hapa kwetu, niruhusu nikuibie dakika moja tu, dada wanne wa Kiingereza wa ukoo wa Royal Sovereign walihamishiwa Kilindini mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon. Mmoja wao, Ramillies, alipigwa topido bandarini Diego Suarez tarehe 30 Mei mwaka huo huo. Siku utakapopata wazo la kututengenezea mmoja, wateja wako wa mwambao huu watakushukuru. Nitakachouliza mimi ni kama ni Ramillies wa tarehe 29 au wa tarehe 31.

Baada ya kusema hayo, maombi yangu ni haya, na ukiona yamezidi unaweza kuyapunguza kwa kadiri ya hekima yako. Nakuomba uchapishe tarehe kwenye kifuniko, mwezi na mwaka vinatosha, kando ya jina, kwa herufi ndogo ili isiharibu mchoro. Pia nakuomba fremu moja ya nyongeza kwa ajili ya Tirpitz, yenye winchi mahali pake, mabanda ya ndege yenye umbo lake, na vimizinga vya kutosha kwa mwaka utakaouchagua. Na kama fedha za fremu hazipo, basi liandikwe boksini: "Bismarck, pamoja na vifaa vya kumgeuza." Tutanunua vilevile. Mtu anayekaa usiku kucha akikata vibomba vya mizinga kwa wembe na kuvishika kwa kibanio hahitaji kubembelezwa. Anahitaji kujua anaanzia wapi.

Kwa sasa Tirpitz wangu amesimama mezani bila winchi. Zile za Bismarck nimezitoa kwenye matundu, nimeyaziba kwa mabaki ya fremu na kuyapiga msasa, na winchi zenyewe nimezifunga katika karatasi. Ninazituma kwako pamoja na barua hii. Kama bado unazo Bismarck zinazotoka kiwandani zikiwa zimepungukiwa, zitakufaa.

Naomba kuwasilisha.

Ndimi mtiifu wako,
Mteja wa maboksi mawili

Viambatisho: winchi 2, kipande cha fremu chenye herufi B, I na nyingine isiyosomeka.

Nakala: Afisa wa forodha aliyetajwa, kwa taarifa.