Namna ya Kujipatia Ndege ya Kivita ya 1917 Ukiwa na Gundi Nyingi Kuliko Fedha

Wapenzi wa ndege za kivita za kale wako makundi mawili: wenye fedha na wenye gundi. Julai 2015 mnada wa Christie's, London, uliuza Spitfire moja ya Vita vya Pili vya Dunia, namba P9374, kwa zaidi ya pauni milioni 3. Aliyeinunua anaweza kuacha kusoma hapa. Wewe uliyebaki, ambaye mshahara wako na ndoto yako havijawahi kukutana, vuta kiti. Ndege utaipata. Itakuchukua miaka, itakuchafulia nguo, na jamaa zako watajua majina ya aina za gundi ambazo hawakuomba kuzijua.

Usitamani Spitfire. Tamani Fokker Dr.I, ile ya Ujerumani yenye mabawa matatu yaliyopandana kama rafu za duka. Zilijengwa 320 tu, na hakuna hata moja iliyosalia nzima. Namba 152/17, mojawapo ya zile alizorusha rubani maarufu Manfred von Richthofen, ilihifadhiwa Berlin mpaka mabomu ya Vita vya Pili yalipoiangamiza. Kwa hiyo kila Dr.I inayoruka leo imejengwa upya na mtu aliyekuwa na michoro, mbao na subira. Hakuna tajiri atakayekufuata uwanjani kukutambia kwamba yake ni ya kweli na yako ya bandia. Tena ni ndogo: mita 7.19 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, na urefu wa mita 5.77. Pima mlango wa karakana kabla hujakata ubao wa kwanza, kisha upime tena mbele ya shahidi.

Ukishikilia Spitfire, nitakuelewa. John Isaacs, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Supermarine, kiwanda penyewe kilichounda Spitfire, alichora ya mbao yenye vipimo vya sehemu sita kwa kumi ya ile ya asili, nayo ikaruka mwaka 1975 kwa injini ya nguvu za farasi 100. Ni kazi ya fundi hodari. Shida ni kwamba ndege ikipunguzwa, rubani hapunguzwi. Kichwa chake kinajaa kwenye kioo, na anayetazama kutoka chini anajua mara moja kuna jambo haliko sawa hata kama hawezi kulitaja. Dr.I unaijenga kwa vipimo kamili na kichwa chako kinabaki na ukubwa wake wa haki.

Njia za ujenzi ziko mbili. Unaweza kufuata michoro, kama ile ya Mmarekani Walter Redfern iliyotumiwa na wajenzi wengi: mwili wa mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mabawa ya mbao, na kitambaa juu yake, karibu sawa na alivyofanya Fokker mwenyewe. Au unaweza kuagiza vifaa vilivyokwisha kukatwa. Huko Holden, Missouri, kampuni ya Airdrome Aeroplanes inauza ndege hiyo hiyo kwa mabomba ya alumini yanayoshikamana kwa riveti, na injini yake inaweza kuwa ya Volkswagen. Wako watakaokucheka kwa riveti hizo. Waache wacheke, wengi wao wana fremu nusu iliyolala chini ya turubai tangu watoto wao wakiwa shule ya msingi.

Sasa injini, na hapa tutakaa kidogo. Ile ya asili, Oberursel ya nguvu za farasi 110, Wajerumani waliinakili kutoka Le Rhône ya Wafaransa waliokuwa wakipigana nao. Katika injini hiyo mhimili umefungwa kwenye mwili wa ndege usizunguke, na silinda zote tisa ndizo zinazozunguka pamoja na pangaboi. Chuma chote hicho kikizunguka puani, ndege hugeuka upande mmoja kwa wepesi wa ajabu na upande wa pili kwa kusita. Inalainishwa kwa mafuta ya nyonyo, ambayo hayarudi popote: yanapita ndani ya injini na kutoka nje, yakimrukia rubani usoni, kwenye miwani na mdomoni. Kama bibi yako aliwahi kukunywesha kijiko cha nyonyo kusafisha tumbo, basi unajua tayari jambo moja kuhusu vita vya angani ambalo filamu hazilionyeshi.

Injini za namna hiyo bado zinatengenezwa. New Zealand kuna kampuni ya The Vintage Aviator, iliyoanzishwa na mwongozaji wa filamu Peter Jackson, ambayo imezifufua kwa uaminifu unaostahili heshima. Ukiweza kuimudu, inunue, kwa sababu anayeruka nyuma yake anaelewa kwa mwili wake yale ambayo wengine wanayasoma tu. Usipoweza, funga injini ya Lycoming au Warner kama walivyofanya wengi, uifunike vizuri kwa bati la mbele, wala usione haya. Injini ambayo vipuri vyake vinapatikana Jumatatu asubuhi ni bora kuliko ile ambayo fundi wake wa mwisho alizikwa kabla hujazaliwa.

Katika gundi usifanye mzaha. Mwishoni mwa Oktoba 1917, Heinrich Gontermann, rubani mwenye ushindi 39, alipanda Dr.I yake mpya na bawa la juu likavunjika angani. Muda mfupi baadaye rubani mwingine, Günther Pastor, akafa kwa namna hiyo hiyo. Ndege zote za aina hiyo zikazuiwa kuruka. Wachunguzi walipofungua mabawa walikuta kazi mbovu: gundi iliyoachia, mbao zisizopakwa vanishi vizuri, unyevu ulioingia ndani na kulegeza viungo. Si risasi ya adui iliyowaua. Ni fundi aliyefanya haraka. Kwa hiyo kila unapochanganya gundi, gundisha vipande viwili vya ziada kutoka kopo hilo hilo, viandike tarehe, na kesho yake uvivunje kwa nyundo. Ukipasuka ubao na kiungo kikashika, endelea. Kikiachia kiungo, bomoa ulichojenga jana, hata kama ulikesha. Na paka vanishi ndani ya bawa, mahali ambapo hakuna mtu atakayekusifu kwa kupaka.

Serikali nayo itataka neno. Marekani, ndege iliyojengwa na mwananchi nyumbani husajiliwa ikiwa sehemu kubwa ya kazi, wanayoiita asilimia 51, imefanywa na watu wasio wafanyabiashara, kwa kujifunza au kujifurahisha. Piga picha kila hatua, na wewe mwenyewe uonekane ukiwa umeshika kifaa. Uingereza, mkaguzi wa Light Aircraft Association atataka kuuona mfupa kabla hujauvisha kitambaa. Mkaribishe vizuri na umwonyeshe kiungo unachokionea shaka kabla hajakigundua. Huyo ndiye mtu pekee katika shughuli hii yote ambaye kazi yake ni kuhakikisha hufi.

Rangi: najua unataka nyekundu. Kila mtu anataka nyekundu. Richthofen alikufa tarehe 21 Aprili 1918 ndani ya Dr.I nyekundu kote, namba 425/17, na tangu hapo viwanja vya maonyesho vimejaa wekundu. Fikiria marubani wengine wa Dr.I. Josef Jacobs aliruka na nyeusi. Werner Voss alichora macho na mdomo kwenye bati la mbele la mojawapo ya zile za kwanza kabisa, na tarehe 23 Septemba 1917 akapigana peke yake na kundi la SE5a za Waingereza mpaka akaanguka. Adui zake wenyewe walimsifu baadaye kwa ujasiri. Uso ule ukiuchora vizuri, watoto watakukimbilia uwanjani.

Kama huna subira ya kujenga, nunua iliyokwisha kujengwa, maana wajenzi huzeeka na mara nyingi huuza kwa bei isiyorudisha hata gharama ya vifaa. Omba daftari la ujenzi kabla ya kuuliza bei. Kagua kitambaa chini ya mkia, penye matope. Nusa ndani ya mwili: panya hupenda ndege zilizoegeshwa, na mkojo wao hula chuma. Kisha kaa ndani uangalie mbele. Utaona bawa la katikati, bunduki mbili, na anga kidogo sana.

Hilo linatuleta kwenye kutua. Dr.I haina bapa la wima la kuutuliza mkia, ina usukani mdogo tu wenye umbo la koma, na pua ikiinuliwa mabawa matatu huuzuia upepo usiufikie. Breki haina. Nyuma ina ukucha badala ya gurudumu. Waliounda ndege hii walijua litakalotokea, ndiyo maana waliweka vipande vya mbao chini ya ncha za mabawa ya chini ili ziburuzike bila kuvunjika. Kwa hiyo jifunze kwanza kwenye ndege nyingine yenye gurudumu la mkia, mpaka miguu yako iitikie kabla hujafikiri. Tua kwenye majani, upepo ukikujia usoni. Ukipuliza kutoka ubavuni, kunywa chai na usubiri.

Na kama wewe ni mtu wa pwani yetu, ninalo ombi kubwa zaidi: iache Dr.I kwa Wazungu, ujenge Caudron G.3. Mwaka 1915 Waingereza walileta Caudron na Henri Farman kisiwani Mafia, zikaruka juu ya delta ya Rufiji kuongoza mizinga dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg mpaka ikaangamizwa tarehe 11 Julai. Siku hiyo rubani Cull na mwangalizi wake Arnold walipigwa angani, na Arnold akaendelea kutuma ishara za kurekebisha shabaha huku ndege ikishuka mtoni. Kabla ya hapo, ndege za majini za Sopwith zilikuwa zimeshindwa na joto letu, kwa hiyo chagua gundi inayostahimili Machi ya Kilindoni, siyo Machi ya London. G.3 ni ndege ya polepole, imara, yenye nguvu kuliko inavyoonekana. Mwaka 1921 Mfaransa Adrienne Bolland aliivusha milima ya Andes. Ufaransa zipo zilizojengwa upya na zinaruka, na wanaozitunza hupenda kuulizwa maswali.

Yoyote utakayochagua, anza na usukani wa mkia. Ni kipande kidogo, unaenea juu ya meza ya kulia, na ukiuharibu utapoteza mbao chache tu.